Mume Wangu Anajidunga Maji Akidhani ni Ujana

Bibi mshauri, assalaam alaykum. Nisome mpaka mwisho ndipo unihukumu, maana hili nililolifanya sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja, na ninakuandikia wewe kwa Kiswahili kwa sababu nilizaliwa Unguja, nikasoma huko mpaka wazee wangu waliporudi kwetu Ngazidja, Komoro, mwaka 1968, na hapa nyumbani Moroni hakuna anayekisoma sawasawa ila mimi. Barua hii anaichukua mwanamke mfanyabiashara anayekuja Dar es Salaam kununua vitambaa. Majina niliyotia si yetu. Niite Kalathoumi.

Nina miaka arobaini na saba na nashona nguo za harusi. Mume wangu, tumwite Saindou, ana miaka sitini na mitatu, alikuwa karani wa posta na sasa amestaafu. Yeye ni mmoja wa wale walioletwa kutoka Majunga, Madagaska, mwaka 1977 baada ya Wakomoro kuuawa kule, alifika na shati alilolivaa, na ya kule hayazungumzi. Tumeoana miaka kumi na mitano na tuna binti mmoja, Inaya, wa miaka tisa. Sijawahi kumshika Saindou kwa uongo mkubwa mpaka mwaka huu, na ndiyo maana uongo wake wa kwanza ulinipanda kichwani kama homa.

Ilianza baada ya Idi, mwezi wa kwanza, aliposema anakwenda Mutsamudu, kisiwani Nzwani, kumtazama Zaïdou, rafiki yake wa tangu Majunga, na mimi nikashangaa, kwa sababu wewe unasoma magazeti unajua hali ilivyo, Nzwani wamejitenga, Umoja wa Nchi Huru za Afrika umewawekea vikwazo, mwaka jana tu Wazwani walitimuliwa hapa Moroni mpaka jirani yangu mshonaji mwenzangu akaondoka na cherehani kichwani, na mtu anayekwenda huko sasa watu wanamwangalia kama msaliti. Alipitia kisiwa cha Mwali kwa boti ndogo akarudi baada ya siku tano, mkononi ana thamosi, akaifungua jikoni, ndani barafu imeshakuwa maji na katikati ya maji vichupa vidogo vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, akaviweka kwenye friji nyuma ya siagi. Nikamuuliza, akasema ni chanjo ya ng'ombe wa mtu.

Zikapita wiki mbili vichupa vipo.

Nikamwambia, "Baba Inaya, chanjo hiyo itakaa kwenye friji letu mpaka lini?"

"Mpaka ng'ombe wapatikane."

"Na ng'ombe wenyewe wanadungwa kwa sindano nyembamba kama za mama yangu?"

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kisukari na mimi ndiye niliyemdunga sindano zake miaka sita, kwa hiyo vyombo vile navijua. Siku ya pili alipokuwa msikitini niliosha thamosi na ndani ya kifuniko nikakuta karatasi imekunjwa, imeandikwa kwa kalamu ya wino, "Nourhane, Hombo." Hombo ni mtaa wa Mutsamudu. Bibi mshauri, nilikaa juu ya kiti cha jikoni nikasoma majina yale mawili mara nyingi kama mtu anayesoma hukumu yake.

Tangu hapo nikaanza kumpeleleza. Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri mlango wa bafu haukushika vizuri nikamwona ameinua kikoi anajidunga pajani. Nikausukuma mlango. Hakukasirika, alikaa kwenye ukingo wa pipa akaniambia taratibu kwamba ile ni dawa ya Wazungu wanayopewa watoto wasiokua, inaitwa homoni ya ukuaji, Zaïdou analetewa na mpwa wake wa Marseille. Akasema mwili wa kijana unaitoa wenyewe, ukishavuka arobaini unaipunguza mwaka hadi mwaka, ndiyo maana tunakunjamana na kuishiwa nguvu, kwa hiyo mtu akiirudisha mwilini anarudisha na umri. Zaïdou anaitumia mwaka wa pili sasa na amekuwa kama mtu wa miaka arobaini.

Nikamuuliza, "Na Nourhane ni nani?"

Akanitazama kidogo. "Ni mtu wa barafu," akasema, akashusha kikoi akatoka.

Mtu wa barafu. Ningekuwa mtoto ningeamini. Mwanamume wa miaka sitini na mitatu anatafuta ujana kwa siri, anavuka bahari yenye askari wa doria, na kwenye thamosi yake mna jina la mwanamke. Wewe ungefikiri nini?

Na kweli alibadilika, sikatai. Tumbo lilipungua, uso ukajaa, watu barabarani wakamwambia, "Saindou, umekuwa kijana," naye akitabasamu kama bwana harusi. Lakini mimi niliona na mengine. Pete ya fedha aliyoivaa tangu harusi yetu ikakataa kutoka, viatu vikambana, asubuhi anakung'uta mikono anasema vidole vimekufa ganzi, viungo vinamuuma, anatokwa jasho amekaa tu, na alikuwa anakunywa maji na kwenda haja ndogo mpaka nikajisemea, huyu hapati usingizi kwa kumuwaza huyo wa Mutsamudu. Mwezi wa tatu akaenda tena. Akarudi na vichupa kumi na viwili.

Sasa ndipo dhambi yangu. Dawa ile ni unga, anauchanganya na maji yake kila Ijumaa akitoka msikitini, na kichupa kimoja kinamtosha mpaka Ijumaa nyingine. Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nne, alipokwenda kuswali alasiri, nilichukua bomba la sindano katika yale yaliyobaki ya mama yangu, nikapitisha kwenye mpira wa kichupa nikaivuta dawa yote nikaimwaga, halafu nikarudisha maji ya birika niliyoyachemsha na kutia chembe ya chumvi. Sikuvunja vichupa kwa sababu angejua na angenunua vingine. Nilitaka arudi uzeeni polepole bila kujua, huyo Nourhane amwone alivyo. Nimefanya hivyo Ijumaa saba. Na nikwambie kweli, zile za kwanza nilikuwa namtazama anavyojidunga maji yangu huku moyoni nacheka.

Kicheko kimekwisha. Bibi mshauri, mume wangu hajarudi uzeeni. Pete inatoka. Ganzi imepungua, kiu imepungua, na yeye anasema dawa sasa ndiyo imemkolea. Kwetu Ngazidja baba humjengea binti nyumba, na nyumba ya Inaya iko Vouvouni, kuta zilisimama kiunoni tangu miaka minne iliyopita. Sasa Saindou anakwenda kila siku, anabeba matofali mwenyewe jua likiwa utosini, anapanda ngazi na ndoo ya zege. Siku moja aliniuliza tukiwa tunakula, "Mwaka elfu mbili na kumi na mbili Inaya atakuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia ishirini na moja. Akaendelea kula.

Na jambo hili limetoka nyumbani. Amewaeleza wazee wenzake pale bangweni, uwanjani wanapokaa jioni. Mzee Madi wa miaka sabini na saba, ambaye magoti yake hayakubali tena kusujudu, amemshika mkono mbele ya watu akamwambia, "Mwanangu, niletee na mimi." Wazee saba wameandikisha majina. Saindou ameshapanga safari, baada tu ya Maulidi, na vijana wa kwenye njia panda wameshaanza kuniuliza, "Mama Inaya, mzee wako anafuata nini kwa waasi?" Mwezi uliopita watu wawili walikamatwa njia hiyo hiyo na mpaka leo wake zao hawajui waliko.

Nikimwambia, ataniacha, tena ana haki. Nisipomwambia, atavuka kwa ajili ya maji yangu, akamatwe au afe, au arudi salama na dawa ya kweli awadunge wazee wa watu. Na kuna jambo jingine dogo, sijui kama lina maana, pajani ana uvimbe mgumu kiasi cha kokwa ya tende, anausugua akidhani simwoni. Na sijajua Nourhane ni nani. Nishauri, nifanye nini?

Kalathoumi, Moroni, 20 Mei 2000

*

JIBU

Dada Kalathoumi, jibu hili nimemkabidhi yule aliyeleta barua yako kabla halijakwenda kwa wapiga chapa, kwa sababu Maulidi haisubiri gazeti.

Nitaanza na hilo ulilolitaja mwisho na kuliita dogo. Uvimbe pajani si mdogo. Maji ya birika, hata yachemke mpaka birika likauke, si maji ya kuingizwa chini ya ngozi ya mtu, tena kwa bomba kuukuu la marehemu na kwenye kichupa kilichokaa wiki nzima. Umemdunga mama yako miaka sita. Ulijua. Mkono wako ulijua hata kama wivu ulikuwa umekuziba macho. Huo uvimbe huenda ni jipu linaloiva, na jipu la sindano halingoji mpaka ndoa itengenezwe. Daktari aliangalie wiki hii.

Sasa nikupe pole, maana unastahili na hiyo pia. Mwanamume aliyekudanganya habari ya ng'ombe asishangae kuwa mkewe amegeuka mpelelezi. Alikupa neno "barafu" pale ulipotaka neno zima. Makosa yake yapo na nitayarudia.

Nilimuuliza daktari ninayemwamini hapa Dar es Salaam, anayeshughulika na tezi na homoni, nikamsomea dalili zako bila majina. Hakusubiri nimalize. Pete kubana, ganzi ya vidole, maumivu ya viungo, jasho, kiu na haja ndogo za mara kwa mara: hivyo ndivyo mwili wa mtu mzima unavyolalamika ukitiwa homoni hiyo kuliko kiasi chake. Inashika maji mwilini, ndiyo sababu uso ulijaa mkadhani makunyanzi yamekimbia. Na inaweza kupandisha sukari. Hapo, dada yangu, ndipo uliponiudhi. Wewe uliyekaa na kisukari ndani ya nyumba miaka sita uliona kiu ile, ukaona safari za chooni, ukasema ni mapenzi.

Maneno aliyokwambia mumeo si uongo mtupu, na ndiyo maana yana hatari. Ni kweli homoni hiyo hupungua kadiri tunavyokua. Ni kweli pia kwamba miaka kumi iliyopita madaktari wa Marekani waliwapa wazee wachache wa kiume kwa miezi sita, wakaona mafuta yamepungua na nyama imeongezeka, na tangu siku hiyo wafanyabiashara hawajalala. Wanachokificha ni kwamba walipokuja wengine kupima vizuri zaidi, nyama iliongezeka lakini nguvu haikuongezeka, na maumivu na uvimbe vikaja. Panya waliofanywa wawe na homoni hiyo kwa wingi maabara walikua wakubwa, kisha wakazeeka na kufa mapema. Wale wadogo waliozaliwa bila ya homoni ya kutosha ndio walioishi zaidi. Panya si mtu, daktari amenisisitizia niandike hivyo, na hakuna anayeweza kukwambia leo mwisho wa hadithi ya binadamu. Lakini hakuna pia aliyeonyesha kwamba mzee mmoja ameongezewa mwaka mmoja. Mvi huja na uzee, na mtu akipaka rangi nywele zake hajapunguziwa hata siku moja. Kitu kupungua tunapozeeka si ushahidi kwamba kupungua kwake ndiko kunakotuzeesha. Labda mwili unapunguza kwa makusudi, kama dereva anayepunguza mwendo njia ikiwa mbovu.

Na huyo Zaïdou simwamini. Dawa hiyo ni ya baridi. Unaniambia inatoka mji uliowekewa vikwazo vya mafuta, na mji usio na mafuta una umeme wa saa ngapi? Kilichomo kwenye vichupa vya safari ijayo kinaweza kuwa dawa, kinaweza kuwa dawa iliyooza, kinaweza kuwa chochote. Mzee Madi atakuwa amedungwa bahati nasibu.

Kuhusu Nourhane. Ulicho nacho ni jina kwenye karatasi na mume asiyejua kueleza. Simtoi hatiani, simjui. Lakini nimesoma barua yako mara tatu, na mwanamume anayejitayarisha kuoa Mutsamudu simwoni akibeba matofali Vouvouni jua la saa saba. Namwona mtu aliyezaa binti akiwa na umri wa babu, anayehesabu miaka mpaka 2012 na kuona haitoshi. Huenda nimekosea. Kamuulize hilo, na muulize kabla hujamuuliza la mwanamke.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Usiingoje Ijumaa ya nane, na usiguse tena kichupa. Mwambie mchana, baada ya chakula, Inaya akiwa kwa shangazi yake, na awepo mtu mzima mmoja wa upande wako ambaye Saindou anamheshimu, akae kimya na awe shahidi. Anza na kosa lako, lote, bila ya "lakini" na bila ya "wewe nawe ulinidanganya." Mpe nafasi akasirike. Siku hiyo hiyo au kesho yake mwende kwa daktari na vichupa vilivyobaki mkononi, apimwe sukari kabla hajala, na wewe mwenyewe umwambie daktari ulichokitia humo. Usimfiche daktari kwa kuona haya. Haya yako haitibu jipu. Daktari akitaja homoni, Saindou asiirudie. Kisha yeye, si wewe, aende bangweni akawaambie wale wazee saba kwamba hakuna safari. Ukimtangulia kwa wazee umemvua nguo, na hapo hata mimi sitakutetea.

Unaogopa talaka. Inawezekana ikaja. Lakini ukinyamaza utakuwa mke wa mtu aliye gerezani au chini ya bahari, na utakuwa umelipeleka huko jina la Mzee Madi na wenzake sita. Chagua unachoweza kusimama nacho mbele ya binti yako. Mimi nakwambia sema, na useme kabla ya Maulidi.

*

Barua ya pili ya Kalathoumi ilitufikia baada ya miezi miwili. Tumeichapa kwa ruhusa yake.

Bibi mshauri, jibu lako lilifika Alhamisi, nikalificha siku mbili, Jumamosi nikamwita kaka yangu Abdoulkarim ambaye ni mwalimu wa madrasa, nikamwambia aje ale nasi na asiniulize kitu. Tulipoondoa sahani nikasema. Nilisema yote kama ulivyoniagiza, Ijumaa zote saba, maana tangu nikuandikie sikugusa tena kichupa, na birika, na chumvi, na kwamba nilikuwa nacheka.

Saindou hakupaza sauti. Alitazama mikono yake juu ya meza.

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nne."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, midomo inacheza. Akasema, "Ukuta wa mashariki nimeujenga mwezi wa tano."

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo nimeujenga mimi."

Kaka yangu akasema, "Wewe, Saindou, na Mungu." Nilidhani atalainika. Hakulainika. Alisimama akachukua mkeka na blanketi akaniambia, "Ungenichoma kisu ningekiona," akaenda Vouvouni kulala ndani ya kuta zisizo na paa.

Nilimuuliza mlangoni, kama ulivyosema, kama ni kwa ajili ya Inaya. Alisimama bila kugeuka. Akasema kule Majunga alizika wanawe wawili siku moja, na kwa huyu alitaka yeye mwenyewe awe hai siku mume wa Inaya atakapoingia nyumba aliyojengewa na baba. Halafu akasema, "Na nilipenda wakiniita kijana. Usinifanye malaika."

Kwa daktari alikwenda na Abdoulkarim, mimi nikawafuata nyuma na vichupa viwili kwenye mfuko. Lilikuwa jipu kweli, lilipasuliwa, usaha ukajaa kikombe, na daktari aliponiuliza nilitia nini nikamjibu mbele ya wauguzi. Akasema zingepita siku chache tu tungekuwa tunazungumza habari ya kukata mguu. Sukari ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa, si mbaya sana. Akamkataza ile dawa, akamtaka arudi kila mwezi, apunguze mchele na asiache kubeba matofali.

Bangweni alikwenda mwenyewe akichechemea. Niliambiwa na watu, sikuwapo. Aliwaambia wazee kwamba hakuna dawa, na kwamba ile nguvu waliyoiona ilikuwa maji, na hakusema nani aliyeyatia. Mzee Madi aliuliza, "Basi hayo maji nayo hayapatikani?" Watu wakacheka na Saindou akacheka nao, wanasema ndiyo mara ya kwanza siku zile.

Vijana wa njia panda hawakuacha kumwangalia. Mmoja alimuuliza kwa nini ameghairi kwenda Nzwani, kama ameonywa na mtu. Siku hizi kwenda ni kosa na kutokwenda pia ni kosa.

Nourhane nimemjua. Mtu aliyetoka Mwali alileta salamu za Zaïdou na habari kwamba hata yeye dawa imeharibika, kwa sababu dada yake, ndiye Nourhane, anayeishi Hombo na alikuwa akimtunzia vichupa kwa barafu anayoomba kwa watu wenye jenereta, amekosa barafu mwezi wa tatu mzima akavitia kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Nourhane huyo ana miaka sabini na mmoja na haoni jicho moja. Nilikaa kwenye kile kile kiti cha jikoni, na nilichokisikia hakikuwa furaha.

Siku ya kumi mume wangu alirudi. Alisimama mlangoni na mkeka wake akasema, "Sijakusamehe. Kidonda kinataka mtu wa kukifunga." Nikaosha mikono mbele yake kwa sabuni, nikafungua kitambaa kipya mbele yake, naye aliniangalia kila kidole mpaka nikamaliza. Kidonda sasa kimefunga. Anakula ninachopika, anazungumza nami, usiku mmoja aliniuliza kama mgongo bado unaniuma kwa kushona.

Lakini kila asubuhi nikimwekea chai haigusi. Anaisukuma upande wangu wa meza na kungoja. Nakunywa fundo moja, namrudishia kikombe, na yeye anakinywa mpaka mwisho.